LUTENI UHURA NA NENO LETU: MAONI JUU YA SANAA YA NICHELLE NICHOLS

Utangulizi

Yamkini baadhi ya wasomaji wa kurasa hizi watashangaa kuona kwamba safari hii hatuzungumzii diwani wala riwaya, bali twazungumzia kazi ya mwigizaji wa televisheni wa Marekani ambaye hakuwa Mswahili, hakukulia Afrika ya Mashariki, na ambaye Kiswahili chake katika mchezo kilikuwa cha maneno machache tu. Sababu yetu ni moja. Kwa muda wa miaka mitatu, kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi tarehe 3 Juni 1969, watazamaji wa Marekani walimwona majumbani mwao mwanamke wa Kiafrika aliyeitwa kwa jina lililotolewa katika lugha yetu, naye akielezwa kuwa ni mtu ambaye lugha yake ya kuzaliwa ni Kiswahili. Mwigizaji huyo ni Nichelle Nichols, na mhusika wake ni Luteni Uhura wa mfululizo uitwao Star Trek.

Katika mazungumzo ya walimu tumekwisha kusikia kauli mbili zinazopingana juu ya jambo hili. Wako wanaojivuna kwamba Kiswahili kilifika kwenye nyota kabla ya lugha nyingi kubwa za dunia, na kwamba hilo latosha kutufanya tutembee kifua mbele. Wako na wengine wasemao kwamba Uhura alikuwa karani wa simu tu, pambo jeusi lililotiwa katika jahazi la Wazungu ili watazamaji waridhike. Kauli ya kwanza haichunguzi lugha yetu ilitumiwaje. Kauli ya pili haimwangalii mwigizaji mwenyewe. Nia yetu hapa ni kuyaangalia yote mawili, kisha tutoe hukumu.

Malezi yake ya kisanaa

Nichelle Nichols alizaliwa tarehe 28 Desemba 1932 katika mji mdogo wa Robbins, jimbo la Illinois, karibu na Chicago. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Grace Dell. Robbins ulikuwa mji wa Wamarekani Weusi waliojitawala wenyewe, na baba yake, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda, alipata kuwa meya wa mji huo. Kwa hiyo mtoto huyu alikua akiona watu wa rangi yake wakishika madaraka, jambo ambalo watoto wengi Weusi wa Marekani wa wakati ule hawakupata kuliona.

Sanaa yake ya kwanza ilikuwa dansi na uimbaji. Alipokuwa kijana alifanya kazi na bendi za wanamuziki mashuhuri Duke Ellington na Lionel Hampton. Mwaka 1959 alionekana miongoni mwa wacheza dansi katika filamu ya Porgy and Bess, na mwaka 1961 alishiriki katika mchezo wa nyimbo uitwao Kicks and Co. mjini Chicago. Televisheni ilimjia baadaye. Mwaka 1964 aliigiza katika The Lieutenant, mfululizo wa Gene Roddenberry, katika hadithi iliyohusu ubaguzi wa rangi jeshini. Roddenberry huyo ndiye aliyekuja kubuni Star Trek.

Tumetaja mambo haya kwa sababu yanatusaidia kuifahamu fani yake. Mwigizaji aliyetokea kwenye dansi hujua kwamba mwili husema hata mdomo ukiwa umefungwa, na mwimbaji hujua uzito wa kila pumzi. Elimu hizo mbili zilikuja kumfaa sana katika nafasi ambayo watunzi hawakumpa maneno mengi.

Jina la Uhura

Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, siku alipokwenda kufanyiwa usaili alikuwa amechukua riwaya aliyokuwa akiisoma, nayo ni Uhuru ya Mmarekani Robert Ruark, iliyotoka mwaka 1962. Roddenberry alilipenda neno hilo, lakini akabadili irabu ya mwisho ili jina lisikike laini na lifanane na jina la mwanamke. Hivyo ndivyo Uhuru ikawa Uhura.

Hapa pana mambo mawili yanayostahili kuangaliwa na mwalimu wa lugha. La kwanza ni njia neno lililopitia. Neno uhuru lilivuma katika nchi zetu miaka hiyohiyo. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961. Rwanda na Burundi tarehe 1 Julai 1962. Uganda tarehe 9 Oktoba 1962. Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Lilikuwa neno la mikutano ya hadhara, la nyimbo, na la watu waliofungwa jela. Lakini studio za Hollywood hazikulipokea kutoka katika vinywa hivyo. Zililipokea kupitia riwaya ya mwandishi na mwindaji wa Kimarekani aliyeiandika Kenya kwa huruma kubwa zaidi kwa walowezi. Neno letu lilisafiri mbali, ila lilipanda gari la mtu mwingine.

Hata hivyo haitakuwa haki kusema kwamba Wamarekani Weusi wote walilipata kwa njia hiyo. Mwaka huohuo wa 1966, Maulana Karenga alianzisha huko California sikukuu ya Kwanzaa, akaipa misingi saba yenye majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Watu ambao wahenga wao walitekwa hasa katika Afrika ya Magharibi waliichagua lugha ya mashariki kwa sababu waliiona kuwa haifungwi na kabila moja. Kwa hiyo Uhura alitokea wakati ambapo Kiswahili kilikuwa kimeanza kutafutwa na watu waliopokonywa lugha zao.

Jambo la pili ni la sarufi. Kila mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili anajua kwamba katika neno uhuru tuna kiambishi u- cha nomino za dhahania na mzizi -huru, kama vile tunavyopata utumwa na umoja. Anajua vilevile kwamba Kiswahili hakigawanyi majina kwa uke na uume, wala irabu -a mwishoni mwa neno haimaanishi mwanamke. Mazoea hayo ni ya lugha za Ulaya zilizotokana na Kilatini. Kwa hiyo kulibadili neno uhuru ili liwe la kike ni kulivika Kiswahili nguo ya watu wengine. Mwanamke angeweza kuitwa Uhuru bila ya kupungukiwa na kitu.

Lakini historia ya maneno ina mizaha yake. Mzizi wetu -huru umetoka katika Kiarabu, ambako mwanamume aliye huru huitwa hurr, na mwanamke aliye huru huitwa hurra. Hapana dalili kwamba Roddenberry alilijua hilo. Alibahatisha tu, na katika kubahatisha kwake akaangukia karibu na neno ambalo kwa kweli lina maana ya mwanamke asiye mtumwa. Watunzi wa mfululizo wenyewe walitaka maana hiyo isipotee, kwani katika hadithi iliyoonyeshwa tarehe 18 Oktoba 1968 mhusika mmoja anamgeukia Uhura na kueleza kwamba jina lake lina maana ya uhuru.

Nafasi ndogo na mwigizaji mkubwa

Tuingie sasa katika kazi yenyewe. Star Trek inahusu safari za jahazi la angani liitwalo Enterprise, katika karne ya ishirini na tatu. Nahodha ni Kirk, aliyeigizwa na William Shatner, na msaidizi wake ni Spock, aliyeigizwa na Leonard Nimoy. Uhura ni afisa wa mawasiliano. Kiti chake kiko nyuma ya kiti cha nahodha, na sikioni ana chombo cha kusikilizia. Kazi yake ni kupokea sauti zinazotoka mbali na kufungua njia ya kuzijibu.

Hatuna budi kukubali kwamba mswada haukumtendea haki. Katika hadithi 79 zilizoonyeshwa, mara nyingi maneno yake ni yaleyale: kwamba masafa ya mwito yamefunguliwa, au kwamba hakuna jibu, bwana nahodha. Yeye mwenyewe alieleza jinsi maneno yake yalivyokuwa yakikatwa, hadithi baada ya hadithi, hata akabaki na mistari miwili mitatu. Wanaosema kwamba Uhura ni karani wa simu hawakubuni, wameona walichokiona.

Kosa lao ni kuhesabu maneno na kuacha kuhesabu mengine. Mtazamaji akimwangalia Nichols wakati ambapo hasemi, ataona kazi kubwa. Jahazi linapokuwa hatarini, twaipata habari kwanza usoni mwake, kwa sababu yeye ndiye anayesikia kabla ya wengine. Huweka mkono sikioni, akageuza shingo kidogo, akanyamaza, na mtazamaji naye akajikuta ananyamaza. Kusikiliza mbele ya kamera ni kazi ngumu kuliko kusema, maana anayesema amepewa maneno, lakini anayesikiliza hana budi kubuni sauti ambayo haipo.

Katika hadithi ya kwanza kabisa kuonyeshwa, The Man Trap, ya tarehe 8 Septemba 1966, yako mazungumzo mafupi baina yake na Spock. Uhura amechoka na kazi isiyobadilika. Anamwomba Spock amweleze jinsi sayari ya kwao ionekanavyo jioni mwezi ukiwa mpevu. Spock, mtu wa akili kavu, anajibu kwamba sayari yao haina mwezi. Uhura anasema kwamba hashangai. Maneno yake hayafiki sentensi chache, lakini Nichols ameyatia mzaha, upweke na kiburi kwa pamoja. Twamtambua mara moja kuwa ni mtu mzima mwenye maisha yake nje ya kiti kile. Huo ndio ubora wa mwigizaji tunaouzungumzia: alipewa kibaba, akakijaza.

Kiswahili ndani ya hadithi

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi zaidi. Mwongozo walioandikiwa watunzi wa mfululizo ulieleza kwamba Uhura alizaliwa katika Muungano wa Nchi za Afrika. Ni dhana ya kupendeza, hasa ukikumbuka kwamba Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeundwa Addis Ababa mwaka 1963, miaka mitatu tu kabla ya mfululizo kuanza. Lakini dhana hiyo ilitumiwa namna gani?

Tumeona mahali pawili ambapo Kiswahili chasikika waziwazi. Pa kwanza ni katika hiyohiyo The Man Trap. Ndani ya jahazi ameingia kiumbe anayeishi kwa kunyonya chumvi ya miili ya watu, naye aweza kujigeuza umbo apendavyo. Anapokutana na Uhura ujiani, anajigeuza kuwa mwanamume Mweusi mzuri wa sura, kama alivyomchota katika fikira za Uhura, na anamsemesha kwa Kiswahili. Uhura anapumbazika, anasogea, na nusura apoteze maisha.

Twaweza kulisoma tukio hilo kwa namna mbili. Kwa upande mmoja ni heshima. Mtunzi ametambua kwamba mtu aliye mbali na kwao hutekwa na lugha yake kabla ya kitu kingine chochote. Kiswahili hapa ni lugha ya shauku na ya nyumbani, na uso wa Nichols unavyolegea anapoisikia hauhitaji maelezo. Kwa upande wa pili ni dosari. Katika jahazi zima lenye watu mamia, Mswahili pekee ambaye Uhura anakutana naye si mtu. Ni zimwi lililovaa sura ya mtu. Mfululizo uliojaa wageni kutoka sayari za kila namna haukumpa Uhura hata mmoja wa kuzungumza naye kwa amani katika lugha yake.

Pa pili ni katika The Changeling, ya tarehe 29 Septemba 1967. Mashine iitwayo Nomad inamsikia Uhura akiimba. Yauliza kuimba ni nini na kuna manufaa gani, na kwa kuwa haielewi, yamfuta kumbukumbu yake yote. Baadaye twamwona amelazwa, naye anafundishwa upya kusoma, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Anapokwama kwenye neno la Kiingereza ambalo tahajia yake hailingani na matamshi, anakasirika, na hasira yake inatoka kwa Kiswahili. Muuguzi anayemfundisha anamkanya na kumrejesha kwenye Kiingereza.

Mhakiki wa mantiki atauliza: ikiwa kumbukumbu yote imefutwa, Kiswahili kimebakije? Ni swali halali, na mswada haukulijibu. Lakini kosa hilo la mantiki limebeba ukweli wa maisha. Lugha tuliyojifunza kwa vitabu hutoka kwa urahisi. Lugha ya utotoni haitoki. Tena, kama walimu, hatuwezi kukitazama kitanda kile cha muuguzi bila ya kukumbuka madarasa yetu. Wengi wetu tulisoma katika shule ambamo mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao alivikwa kibao shingoni mpaka apatikane mwingine wa kukipokea. Muuguzi wa hadithi ni mpole, anacheka, wala hana kibao. Lakini agizo lake ni lilelile. Hata katika karne ya ishirini na tatu, baada ya Afrika kuungana, mwanamke huyu anapopona huhesabiwa kuwa amepona kwa Kiingereza.

Hatusemi hayo ili kumlaumu Nichols. Mwalimu akisikiliza atatambua kwamba si ulimi wa mzawa, lakini hayakutamkwa kwa dhihaka. Wala hakuyageuza kuwa kelele za kuchekesha, kama sinema nyingi za Hollywood zilivyozoea kuzifanya lugha za Afrika kuwa ngurumo za watu wa msituni. Katika kinywa chake Kiswahili ni lugha ya afisa msomi aliyekasirika, na lugha ikishakasirika kwa heshima imekwisha kuwa lugha kamili.

Tuongeze mfano mmoja kuhusu maneno. Katika The Savage Curtain, ya tarehe 7 Machi 1969, inatokea sura ya Abraham Lincoln ndani ya jahazi. Anamwita Uhura kwa neno la kale lililotumiwa kwa wanawake Weusi, kisha anaomba radhi. Uhura anajibu kwa utulivu kwamba katika karne yake watu wamejifunza kutoyaogopa maneno. Nichols anayasema hayo kwa tabasamu la mtu aliye sawa na anayesema naye. Hata hivyo tujiulize: mwaka mmoja haukuwa umetimia tangu Martin Luther King auawe mjini Memphis, tarehe 4 Aprili 1968, na tayari mswada umempa mwanamke Mweusi kazi ya kuwaondolea wengine haya. Mwigizaji ameutoa wema ambao jamii ilikuwa haijaustahili.

Kubaki au kuondoka

Nichols alisimulia mara nyingi, na pia katika kitabu cha maisha yake, Beyond Uhura, cha mwaka 1994, kwamba baada ya msimu wa kwanza alimpelekea Roddenberry barua ya kujiuzulu. Alitaka kurudi jukwaani, ambako nyimbo na michezo ilimngoja. Kisha, katika hafla ya chama cha kutetea haki za Weusi cha NAACP, alikutana na Dakta King, ambaye alimwambia kwamba yeye na familia yake ni wapenzi wa mfululizo huo. Alipomweleza kuwa anaondoka, King alimkataza. Alimwambia kwamba kwa mara ya kwanza watu Weusi wanaonekana kama inavyopasa kuonekana, na kwamba nafasi ile si ya Mweusi wala si ya mwanamke, kwa hiyo akiondoka yeyote aweza kutiwa mahali pake. Nichols akabaki.

Kisa hiki husimuliwa kwa shangwe, na tunakubali kwamba King aliona mbali. Lakini uhakiki wa kweli haumalizii kwenye shangwe. King aliitazama picha; Nichols alitakiwa kuishi ndani yake. Picha ya mwanamke Mweusi aliyeketi miongoni mwa maofisa bila ya kuwa mtumishi wa nyumba ilikuwa na nguvu kwa mamilioni waliotazama. Kwa msanii aliyesomea dansi na uimbaji, ilikuwa na maana ya miaka mingine miwili ya kuketi na kusema mistari mitatu. Gharama hiyo hakuilipa King wala Roddenberry. Aliilipa mwanamke mmoja kwa umri wake wa kazi.

Mfano wa gharama hiyo ni lile busu maarufu baina ya Uhura na Kirk katika Plato's Stepchildren, ya tarehe 22 Novemba 1968. Wengi huliita busu la kwanza la Mweusi na Mzungu katika televisheni ya Marekani, ingawa watafiti wameonyesha mengine yaliyotangulia. Sisi hatushindanii cheo hicho. Twaangalia mambo mawili. Kwanza, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imefuta sheria za kukataza ndoa za namna hiyo tarehe 12 Juni 1967, kwa hiyo busu hilo lilifuata sheria kwa mwaka mmoja na zaidi. Pili, katika hadithi, wahusika hawa hawapendani. Wanalazimishwa na viumbe wenye uwezo wa kuwatawala viungo. Watunzi walifungua mlango, lakini waliufungua kwa hila, ili asiwepo wa kulaumiwa kwa kuutaka. Nichols anaiokoa hali hiyo kwa maneno ya utulivu kabla ya tendo, anapomwambia nahodha kwamba haogopi. Yule anayetawaliwa mwili amebaki mtawala wa nafsi yake, na hapo jina la Uhura linapata maana yake kuliko mahali pengine popote.

Baada ya mwaka 1969

Mfululizo ulipokoma, Nichols aliyapata yanayowapata waigizaji wengi wa mhusika mmoja: mhusika alikuwa mkubwa kuliko mwigizaji. Mwaka 1974 alijaribu kuivunja picha hiyo katika filamu ya Truck Turner, akiigiza bi mkubwa wa danguro mwenye ulimi mchafu, na anayetaka kuujua upana wa uwezo wake aitafute kazi hiyo. Katika Star Trek ya katuni, mwaka 1973, sauti yake ilimwezesha Uhura kushika uongozi wa jahazi, heshima ambayo hakupewa katika mfululizo wa kwanza. Aliendelea na Uhura katika filamu sita, kuanzia 1979 hadi 1991.

Katika filamu ya sita tunapata tukio la kumhuzunisha kila mwalimu wa lugha. Jahazi linasimamishwa na walinzi wa taifa adui, na Uhura, mkuu wa mawasiliano kwa miaka yote hiyo, anaonekana amezungukwa na vitabu, akifunuafunua kurasa ili aijibu lugha ya adui kwa sentensi zilizovunjika. Watazamaji hucheka. Lakini kicheko hicho chamvua Uhura elimu iliyokuwa ndiyo cheo chake. Watunzi walisahau kwamba kazi ya mhusika wao ilikuwa lugha.

Ama kuhusu kazi yake kubwa zaidi, hiyo haikuwa ya kuigiza. Mwaka 1977, kwa njia ya kampuni yake iitwayo Women in Motion, alifanya mapatano na shirika la anga la Marekani, NASA, ya kuwatafuta wanawake na watu wa rangi ambao wangeomba kazi ya uanaanga. Alizunguka vyuoni na katika mikutano akiwaambia kwamba nafasi ipo na ni yao pia. Maombi yaliyopokelewa yalikuwa 8,079. Januari 1978 walichaguliwa watu 35, na miongoni mwao walikuwamo wanawake sita, wanaume Weusi watatu, na Mmarekani mmoja wa asili ya Asia. Haitakuwa haki kumpa yeye sifa yote, kwani wengi walichangia, na wanaanga wenyewe walikuwa na elimu yao. Lakini sauti yake ilisikika. Katika kundi hilo walitoka Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani, na Guion Bluford, Mmarekani Mweusi wa kwanza, wote wawili mwaka 1983. Katika kundi hilohilo walitoka pia Judith Resnik na Ronald McNair, ambao walifariki katika ajali ya Challenger tarehe 28 Januari 1986.

Tarehe 12 Septemba 1992 Mae Jemison, daktari, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kusafiri angani. Alikuwa amemtazama Uhura utotoni mwake. Alipokuwa huko juu alikuwa akianza zamu zake kwa kutangaza kwamba masafa ya mwito yamefunguliwa. Hayo ndiyo maneno yaleyale ambayo wenye dharau waliyaita maneno ya karani wa simu. Nichols aliyasema miaka ishirini na sita kabla, mbele ya ukuta wa mbao na taa za rangi, kana kwamba ni ya kweli. Kwa kuwa aliyasema hivyo, mtoto mmoja wa Chicago aliyaamini.

Hitimisho

Nichelle Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022, katika mji wa Silver City, jimbo la New Mexico, akiwa na umri wa miaka 89. Sehemu ya majivu yake ilirushwa angani kwa roketi tarehe 8 Januari 2024. Mhusika wake alipata waigizaji wengine, na katika filamu ya mwaka 2009, ambamo Uhura aliigizwa na Zoe Saldaña, alitajwa kwa mara ya kwanza kwenye sinema kwa jina lake la kwanza, Nyota. Safari hii hakuna aliyebadili irabu.

Hukumu yetu basi ni hii. Kwa wanaojivuna twasema: Kiswahili kilipewa nafasi katika Star Trek, lakini kilipewa kwa kijiko. Kilitumiwa na zimwi la kuvizia, na kilikanywa kitandani kwa mgonjwa. Lugha haikui kwa kutajwa. Hukua kwa kutumiwa katika mambo mazito, na kazi hiyo ni yetu, si ya Hollywood. Kwa wanaodharau twasema: nafasi ilikuwa ndogo, lakini mwenye nafasi hakuwa mdogo. Dau la mnyonge haliendi joshi, wahenga walisema, na dau hili kweli halikwenda joshi. Lilikwenda kwa kasia, mkono wa mtu mmoja, na likafika.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza kwamba tukio la The Changeling litumiwe darasani, penye uwezo wa kulionyesha. Wanafunzi waulizwe kwa nini Uhura alikasirika kwa Kiswahili, na kwa nini alikatazwa. Tuna hakika kwamba majibu yatahusu maisha yao wenyewe kuliko habari za nyota. Wenye maoni tofauti na haya yetu tunawakaribisha wayalete, ili mjadala uendelee katika kurasa hizi.